Mhamiaji, Watani Wake na Ridhaa ya Nafsi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuwaenezea waja wake riziki zao humo. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), aliyeuhama mji alioupenda kwa amri ya Mola wake, na ziwashukie aali zake na masahaba zake, Muhajirina na Ansari, na kila aliyewafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala yanayoulizwa mara kwa mara na aila za Kiibadhi zilizotawanyika duniani ni suala la sala ya msafiri. Kijana ametoka Maskati akenda Kanada kusoma, kisha akapata kazi huko, akaoa, akazaa: je, Adhuhuri yake ni rakaa nne au mbili? Muulizaji hudhani kwamba ameuliza jambo dogo la fikihi, ambalo jawabu yake haizidi mistari miwili. Kumbe ameuliza jambo ambalo wataalamu wa elimu ya nafsi na elimu ya jamii wameliandikia vitabu vizima: ni lini mtu aliyehama huwa amefika?

Kwa mujibu wa madhehebu ya Ibadhi, mtu akiivuka masafa ya farsakh mbili kutoka watani wake, nayo ni kiasi cha kilomita 12, huwa msafiri, na sala zake za rakaa nne huwa mbili. Hubaki katika hukumu hiyo maadamu hakutia nia ya kupafanya pale alipo kuwa watani wake, hata siku zikawa miezi na miezi ikawa miaka. Madhehebu mengine yameweka idadi: wafuasi wa Imam Shafi wametaja siku nne, na wa Imam Abu Hanifa siku kumi na tano. Ibadhi hawakuhesabu siku. Wameliacha jambo hili katika nia, na nia ni siri baina ya mja na Mola wake. Wamesema pia kwamba mtu aweza kuwa na watani zaidi ya mmoja, akakamilisha sala kila afikapo katika mmojawapo. Na msafiri akisali nyuma ya imamu mkaazi hukamilisha pamoja naye. Kwa hiyo anayehudhuria jamaa msikitini huenda asiulizwe na mtu miaka nenda miaka rudi. Ni pale anaposali peke yake chumbani, baada ya kurudi kazini, ndipo anapolazimika kujijibu: hapa ni kwangu, au si kwangu?

Mfano ulio wazi wa suala hili ni Mississauga, jiji lililopo ufukweni mwa Ziwa Ontario, magharibi ya Toronto. Lilitangazwa kuwa jiji mwaka 1974, na hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilikuta humo wakaazi wapatao 718,000. Zaidi ya nusu yao walizaliwa nje ya Kanada, na kiasi cha watu 17 katika kila 100 ni Waislamu. Uwanja mkubwa wa ndege wa Toronto, uitwao Pearson, sehemu yake kubwa imo ndani ya mipaka ya jiji hili, hata ikawa wahamiaji wengi hukanyaga ardhi ya Mississauga kabla ya kulijua jina lake. Jina lenyewe ni la kaumu ya wenyeji wa asili, ambao nao walilazimika kuyaacha makaazi yao ya Mto Credit mwaka 1847 na kuhamia kwengine. Hivyo mgeni anayelalamika kwamba mahali hapa hapana mwenyewe hajui ni kweli kiasi gani aisemayo.

Watu wa Afrika Mashariki wamo katika eneo hilo la Toronto kwa miaka mingi. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, Kanada iliwapokea maelfu miongoni mwao. Walifuata Wahindi wa Dar es Salaam na Nairobi, kisha Wasomali waliokimbia vita, na pamoja nao Waarabu na Waswahili wa Unguja na Pemba, wengine moja kwa moja kutoka visiwani na wengine baada ya kukaa Ghuba. Aila moja yaweza kuwa na babu aliyesali Unguja akielekea kaskazini, baba aliyesali Maskati akielekea magharibi, na mjukuu anayesali Mississauga akielekea kaskazini mashariki. Kibla ni kimoja, na Kaaba haikuondoka mahali pake. Waliozunguka ni wao. Mjukuu huyo huona mwezi wa Disemba jua likichwa kabla ya saa kumi na moja jioni, na mwezi wa Juni Magharibi ikiingia saa tatu usiku, na kila msimu humlazimisha kuipanga upya siku yake.

Wataalamu wamejaribu kuipima ridhaa ya maisha kwa njia mbalimbali. Mmoja wao, Hadley Cantril, katika kitabu alichokitoa mwaka 1965, aliwataka watu waifikirie ngazi ambayo kipago chake cha juu ni maisha bora kabisa wanayoweza kuyapata na cha chini ni maisha maovu kabisa, kisha kila mmoja aseme amesimama wapi. Ngazi hiyo hutumika mpaka leo. Mwaka 2014 Idara ya Takwimu ya Kanada ilitoa utafiti uliowalinganisha wahamiaji wapya na watu wa nchi walizotoka, na ikaonekana kwamba makundi mengi ya wahamiaji yaliridhika na maisha kuliko watu waliobaki kwao, na ridhaa yao ikawa karibu na ile ya wazaliwa wa Kanada. Ripoti ya kimataifa juu ya furaha ya mwaka 2018, iliyoshughulika hasa na uhamaji, ilifikia neno la namna hiyo hiyo: furaha ya wahamiaji hufuata zaidi hali ya nchi walimo kuliko ile ya nchi walizotoka.

Matokeo haya hayapingani na dini. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa amebainisha kwamba ardhi Yake ni pana, na kwamba mwenye kuhama katika njia Yake atakuta mahali pengi pa kukimbilia na wasaa. Lakini wastani wa watu wengi haumwambii mtu mmoja habari zake. Katika jengo moja refu karibu na maduka ya Square One wataishi majirani wawili waliowasili mwaka mmoja, wenye kazi moja na watoto idadi moja. Mmoja husema alhamdulillahi kwa moyo wake wote, na mwengine husema alhamdulillahi kwa ulimi huku kifua chake kimebana. Tofauti baina ya wawili hawa ndiyo inayostahiki kuangaliwa.

Sababu ya mwanzo ni kazi, wala si mshahara peke yake. Mhandisi, mwalimu au daktari aliyeheshimiwa kwao hufika Ontario akaambiwa shahada yake haitoshi, leseni yake si ya hapa, na kwamba hana uzoefu wa kazi wa Kanada. Na uzoefu huo hawezi kuupata mpaka kwanza apewe kazi. Basi huenda akaendesha teksi au akabeba maboksi katika maghala yaliyouzunguka uwanja wa ndege, kwa muda tu, asema, na muda huo hurefuka. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada mwaka 1978, aliisimulia hali hii katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991: muuzaji viatu wa Dar es Salaam anafika Toronto na aila yake, na kila mlango wa kazi unamwambia jambo hilo hilo. Mambo hayo yalikuwa mashuhuri hata Tume ya Haki za Binadamu ya Ontario, mwaka 2013, ikatangaza kwamba kumshurutisha mtu awe na uzoefu wa Kanada ni ubaguzi kwa asili yake, mpaka mwajiri athibitishe kuwa kazi yenyewe inauhitaji. Ilichukua miaka mingi kulisema neno hilo, na waliokwisha zeeka wakiendesha teksi halikuwafaa kitu.

Hapa inafaa kukumbukwa kisa cha Abdul-Rahman bin Auf (R.A.). Alipofika Madina hana kitu, Mtume (S.A.W.) alimfunga udugu na Saad bin Rabii, naye Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdul-Rahman alimwombea baraka katika mali na ahli zake, kisha akataka aonyeshwe soko lilipo. Akenda, akauza na kununua samli na jibini kavu, na haukupita muda mrefu ila alioa kwa mali ya jasho lake. Wasomaji wengi hukisifu kisa hiki kwa ajili ya ukarimu wa Ansari, na ukarimu huo ni haki kusifiwa. Lakini yumo ndani yake mwenyeji aliyejua njia ya sokoni na hakumficha mgeni. Mhamiaji mpya wa Mississauga hupata wengi wa kumpa chakula mwezi wa Ramadhani; anayekosekana ni yule wa kumwambia mtihani gani wa leseni aanze nao, fomu gani ajaze, na nani amkague barua yake ya kuombea kazi kabla hajaipeleka. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo ni heshima yake, na msikiti unaogawa futari bila ya kugawa majembe umefanya nusu ya kazi.

Sababu ya pili ni kujilinganisha. Mtume (S.A.W.) amewafundisha umma wake kumtazama katika mambo ya dunia aliye chini yao, kwani hivyo ndivyo mtu asivyoidharau neema aliyopewa. Mhamiaji ana jicho la tatu ambalo mwengine hana: huwatazama wenyeji walio juu yake, huwatazama wahamiaji wenzake, na huwatazama ndugu zake waliobaki, ambao picha zao humfikia kila siku katika simu. Mdogo wake wa Maskati amejenga nyumba Seeb kwenye kiwanja alichogaiwa na serikali. Yeye bado anapanga vyumba viwili ghorofa ya kumi na nne, kwa sababu hakutaka kununua nyumba kwa mkopo wenye riba. Mwenye kuvumilia hivyo kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ujira wake haupotei. Lakini jamaa wanaomcheka kwa simu, wakimwuliza miaka yote hiyo umefanya nini huko, wanamkata kamba ambayo ameishika kwa mikono miwili.

Na kosa haliko upande mmoja. Wapo wahamiaji wanaoficha hali zao. Hupiga picha mbele ya gari la kuazima, hutuma fedha walizokopa ili isemwe kuwa mambo yao ni mazuri, na nyumbani wakaaminiwa, yakaja maombi mengine: karo ya mpwa, matibabu ya shangazi, harusi ya binamu. Kuunga udugu ni wajibu na kumsaidia jamaa ni katika mambo bora kabisa, lakini wajibu haujengwi juu ya uongo. Mama aliyeko Maskati au Unguja anayeijua hali ya mwanawe ilivyo humwombea dua kwa inayomfaa, na asiyeijua humwomba asichokuwa nacho.

Sababu ya tatu ni huzuni ya kuikumbuka nchi. Baadhi ya watu huwadharau wenye huzuni hii, wakasema ni udhaifu wa imani. Nao wamesahau hali ya masahaba walipofika Madina. Abubakar na Bilal (R.A.) walishikwa na homa, na Bilal kila ilipompungua alinyanyua sauti akitamani kulala usiku mmoja katika bonde la Makka, kati ya majani yake na milima yake. Huyu ni Bilal, aliyeteswa Makka juu ya mchanga wa moto, na mji aliouteswa ndani yake bado ulikuwa moyoni mwake. Bibi Aisha (R.A.) alipompelekea Mtume (S.A.W.) habari hiyo, hakumkemea Bilal wala hakumwambia asahau. Alimwomba Mola wake awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na auafu mji huo na aubarikie katika vipimo vyake vya chakula. Yaani aliomba mapenzi mapya yaingie, na hakuomba yale ya zamani yatoke.

Jambo hili ndilo wataalamu wa zama hizi walilolifikia kwa njia yao. John Berry, wa Chuo Kikuu cha Queen's kilichopo Kingston katika jimbo hilo hilo la Ontario, alieleza kwamba mhamiaji ana njia nne. Aweza kuiacha asili yake akajitumbukiza kwa wenyeji. Aweza kuishika asili na kujifungia mbali nao. Aweza kuyapoteza yote mawili akabaki hana huku wala huko. Na aweza kuishika asili yake na hali akichanganyika na watu wa nchi. Mwaka 2006 yeye na wenzake walitoa utafiti juu ya maelfu ya vijana wa kihamiaji katika nchi 13, na vijana waliokuwa na hali njema zaidi, ya nafsi na ya masomo, walikuwa wale wa njia ya nne. Wazee wanaosema mwacha asili ni mtumwa wamesema kweli, na utafiti umewaunga mkono. Lakini aliyejifungia ndani ya asili yake asimjue hata jirani wa mlango wa pili, naye hakusalimika.

Kwa Muibadhi jambo hili lina uzito wa ziada, kwani yeye ni mchache ndani ya wachache. Mtoto wake huingia msikiti mkubwa wa Mississauga, akasimama safuni mikono yake ameiteremsha, na mtoto mwenziwe akamwuliza kwa nini hasali kama watu. Mzazi aliyemwandaa humfundisha mapema kwamba hivyo walisali wazee wake, na kwamba katika safu hiyo hiyo wamo Waislamu wa Afrika Magharibi, wafuasi wa Imam Malik, wanaoteremsha mikono kama yeye. Mzazi asiyemwandaa humwachia mtoto achague baina ya kuona haya na kugombana. Imam Jabir bin Zaid (R.A.) alikuwa mtu wa Oman, mzaliwa wa Firq karibu na Nizwa, akaishi Basra miongoni mwa watu wa kila rai, akachukua elimu kwa Ibn Abbas na kwa Bibi Aisha, na Basra ikawa mahali elimu ya madhehebu iliposimama. Ugeni wake haukumfanya aione haya asili yake, wala asili yake haikumzuia kukaa na watu.

Aila za Ghuba hazihitaji kuelezwa maana ya ugeni, maana nyingi ziliuonja mara mbili. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964 wengi walitoka Unguja na Pemba mikono mitupu. Miongoni mwao alikuwa Sheikh Ahmed bin Hamad Al-Khalili, aliyezaliwa Unguja mwaka 1942, akafika Bahla mwaka huo wa 1964, na mwaka 1975 akateuliwa Mufti Mkuu wa Oman. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi kuijenga nchi, wengine wengi walirejea, wakafanya kazi wizarani, hospitalini na katika kampuni ya mafuta. Walirejea katika nchi ya babu zao, na Kiarabu chao kikawa kinajikwaa, wakaitwa Wazanzibari na majirani wa ukoo mmoja nao. Wapo waliosali rakaa nne Maskati tangu siku ya kwanza, kwa sababu ni kwao, na ikawachukua miaka kumi moyo kuufikia ulimi. Aliyepitiwa na hayo, akamwona mwanawe leo yumo katika hali hiyo Mississauga, ndiye anayestahiki zaidi kumwonea huruma. Aghlabu huwa kinyume chake: huyo ndiye mkali kuliko wote.

Ukali huo una sababu, na si ya kudharauliwa. Mzazi huogopa kufa mwanawe akiwa mbali. Huogopa wajukuu wasioweza kumwamkia kwa lugha anayoifahamu. Huogopa pia mambo ya sheria, kwa kuwa Oman kwa kawaida haikubali raia wake awe na uraia wa nchi ya pili, hivyo karatasi ya Kanada yaweza kuwa ndiyo ya kumtenga na nchi yake. Kwa hofu hizi mzazi hutaka ahadi: usipafanye huko kuwa kwenu. Kijana, kwa kumwonea haya mzazi, hutoa ahadi. Ndipo huonekana mtu mwenye miaka ishirini Mississauga, aliyesomesha watoto huko, aliyeiuza gari yake ya Maskati zamani, asiye na mpango wowote wa kurudi, naye bado anakusuru sala na kununua fanicha za bei rahisi kwa sababu, asema, tuko safarini. Kukusuru kwake ni sahihi iwapo nia yake ni ya kweli. Nia ikiwa ni ahadi aliyompa mamaake na mwenyewe haiamini, basi huyo hakuwa msafiri wala mkaazi, na wataalamu wangemweka katika njia ile ya tatu.

Wamzabi wa Algeria, ndugu katika madhehebu, walilitatua jambo hili kwa namna yao. Tangu zamani wanaume wao walikwenda kufanya biashara katika miji ya kaskazini, wakakaa huko miaka, na aila zao zikabaki katika miji ya Bonde la Mzab, Ghardaia na jirani zake. Kila mtu alijua watani uko wapi. Njia hiyo ililinda dini na lugha, na ilikuwa na gharama yake, nayo ililipwa zaidi na wanawake. Kwa aliyeko Kanada na mke na watoto, mtindo huo haupo tena. Kilichobaki kwake ni ile ruhusa ya fikihi ya watani zaidi ya mmoja, kwa sharti ya kuwa kweli anakaa katika kila mmoja kama mwenyeji: ana mahali, anarejea, anajulikana, na amefungua mizigo yake.

Inabaki mas-ala moja ambayo wazazi wengi hawajaifikiria. Mtoto humfuata babake katika hukumu ya watani maadamu ni mdogo. Akibaleghe, nia huwa yake. Mtoto aliyezaliwa Mississauga kwa baba aliyekusuru miaka yote, siku anapobaleghe na kusimama peke yake kusali Adhuhuri, hana nia ya baba ya kuiegemea. Ataulizwa nafsi yake ni wapi kwake, na atajibu kwa yale aliyoyaona nyumbani: kama mizigo ilifunguliwa au haikufunguliwa, kama jirani alijulikana jina lake, kama bibi wa Maskati alikuwa sauti ya lawama tu katika simu au alikuwa mtu wa kupelekewa watoto kila likizo wakalala mikononi mwake. Baba akimkuta amesali nne, asimgombeze kwamba ameikana Oman, wala akimkuta amesali mbili asimwambie kuwa yeye ni Mkanada. Na amwulize kwanza alivyonuia, kisha amsikilize mpaka amalize.